Kumshinda Aliye Dhaifu: Kuna Sifa Gani?

Hakuna habari ipendezayo masikio ya watu kuliko habari ya mtu aliyeanguka kisha akainuka. Aliyekuwa mgonjwa akapona, aliyefilisika akafungua tena duka lake, aliyeshindwa mtihani akaurudia na kuufaulu: hao wote twawashangilia, nasi twafanya vyema, maana hakuna mtu asiyejua uchungu wa kuanguka. Lakini furaha hiyo yaweza kutupofusha. Twaweza kumpigia mtu makofi kwa sababu amesimama tena, tusiulize amesimama juu ya nini. Je, ikiwa amesimama juu ya mgongo wa mwingine aliye dhaifu kuliko yeye, makofi yetu ni ya haki?

Swali hilo twaliweka leo mbele ya wasomaji wetu kwa kutumia mfano mmoja wa michezo. Vijana wetu wengi, na baba zao pia, siku hizi hutazama katika simu zao mchezo wa mapigano unaochanganya ngumi, mateke na mieleka. Wapiganaji wawili huingia ndani ya ulingo wa pembe nane uliozungushiwa wavu, wakapigana na kukabana hata mmoja wao akubali kushindwa, au muda uishe, au mwamuzi aone kwamba mmoja hawezi tena kujikinga. Wako wanaoupenda mchezo huo, wako wanaouchukia. Sisi hatukusudii leo kuumaliza ugomvi huo. Twataka kutazama pambano moja tu, kwa kuwa ndani yake mna swali linalomhusu hata mtu asiyewahi kukunja ngumi maishani mwake.

Conor McGregor ni mtu wa Dublin, nchini Ireland. Novemba 2016, mjini New York, alimshinda Eddie Alvarez, akawa mtu wa kwanza katika kampuni ya UFC kushika mataji ya uzito wa aina mbili kwa wakati mmoja. Baada ya hapo nyota yake ilianza kushuka. Agosti 2017 alijaribu ngumi za kawaida dhidi ya Floyd Mayweather, akashindwa katika raundi ya 10. Oktoba 2018 alikutana na Khabib Nurmagomedov, mtu wa Dagestan, akakabwa shingo katika raundi ya 4 hata akapiga kofi la kukubali kushindwa. Ikapita miezi 15 bila yeye kupigana ulingoni.

Ndipo Januari 18, 2020, huko Las Vegas, Marekani, mbele ya watu wapatao 19,000, aliporudi kupambana na Mmarekani Donald Cerrone. Mambo yalikwisha kwa sekunde 40. Walishikana mara tu baada ya kuanza, naye McGregor akamgonga mwenzake usoni kwa bega mara kadhaa hata damu ikamtoka. Cerrone alipojitenga alipata teke la kichwa, kisha ngumi mfululizo, akaanguka, na mwamuzi Herb Dean akaingia kati kulisimamisha pambano.

Usiku ule watu waligawanyika makundi mawili. Wa kwanza walisema: mfalme amerudi. Wa pili walisema: mfalme gani huyo? Amempiga mtu aliyechoka, na hata sisi tungalijua mwisho wake kabla ya mwanzo. Twaona kwamba makundi yote mawili yalisema upesi mno, na yafaa tuyachunguze maneno yao moja moja.

Tuanze na hao waliosema kwamba Cerrone alikuwa dhaifu. Je, ni kweli? Kwa upande mmoja ni kweli. Alikuwa na umri wa miaka 36, naye McGregor miaka 31. Mwaka 2019 alikuwa ameshindwa mara mbili mfululizo, Juni na Tony Ferguson, na Septemba na Justin Gaethje, na mara hiyo ya pili hakumaliza hata raundi ya kwanza. Lakini kwa upande wa pili, mtu huyuhuyo alikuwa ameshinda mara 23 katika kampuni ile ya UFC, na wakati huo hakuna mpiganaji mwingine aliyekuwa amefikia hesabu hiyo. Alikuwa amekwisha kuwashinda watu wengi wenye sifa. Alikwenda ulingoni kwa hiari yake, akiwa na akili timamu, akijua anakwenda kukutana na nani. Mtu wa namna hiyo hawezi kuitwa mnyonge kwa wepesi. Wahenga walituachia neno: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Haki ya Cerrone ni kwamba alikuwa mpiganaji wa kweli, hata siku aliyopigwa.

Tena iko hila moja katika mawazo yetu, nayo yatupasa kuitambua. Mtu akishinda kwa taabu, twasema mpinzani alikuwa hodari. Akishinda kwa urahisi, twasema mpinzani alikuwa dhaifu. Basi kwa hesabu hiyo, kadiri mtu anavyofanya kazi yake vizuri ndivyo anavyopunguziwa sifa. Fundi akiitengeneza kwa dakika tano mashine iliyowashinda wengine, mwenye mashine hunung'unika kulipa, akidhani kazi ilikuwa ndogo. Angalihangaika kutwa nzima, angalilipwa bila maneno. Huko ni kupima kazi kwa jasho lililoonekana, na kusahau ujuzi usioonekana. Kwa hiyo wepesi wa ushindi peke yake hauthibitishi unyonge wa aliyeshindwa. Lazima tuangalie yaliyojulikana kabla ya pambano, siyo yale tuliyoyagundua baadaye tukajifanya tuliyajua tangu zamani.

Sasa tuwageukie wale waliosema kwamba mfalme amerudi. Hao nao walikosea, lakini kwa njia nyingine. Kurudi maana yake nini? Mtu aliyelala hospitali miezi mingi, akivunjika mguu, siku ya kwanza ya kutembea haambiwi apande Kilimanjaro. Huambiwa atembee ukumbini, mahali pasipo na kilima wala jiwe, akishika ukuta. Hakuna anayemcheka kwa sababu ya hatua zake hizo tano. Ni hatua za haki na za lazima. Lakini ingekuwaje kama watu wa nyumbani kwake wangetangaza mjini kote kwamba mgonjwa wao amepanda Kilimanjaro? Hatua zile zingebaki njema kama zilivyokuwa, lakini maneno yangekuwa uongo. Kosa lingekuwa katika jina walilolipa jambo lile, wala si katika jambo lenyewe.

Ndivyo tuonavyo ushindi ule wa sekunde 40. Aliyekaa nje ya ulingo miezi 15, mwenye kushindwa mara mbili vibaya, hakutenda dhambi kwa kuanza na mtu ambaye wengi walitazamia kwamba angemshinda. Swali alilokuwa akiulizwa siku ile lilikuwa hili: je, mkono wako bado una kasi, na jicho lako bado laona? Swali hilo alilijibu, na jibu lake lilikuwa wazi. Lakini lilikuwapo swali lingine, nalo ndilo lililomshinda mwaka 2018: je, nguvu zikianza kukwisha katika raundi ya 3 na ya 4, mpinzani akiwa hataki kuanguka, utafanya nini? Sekunde 40 haziwezi kulijibu swali hilo, hata zikiwa nzuri namna gani. Anayemsifu mtu kwa jibu ambalo hakulitoa, anamwibia nafasi ya kulitafuta.

Yaliyofuata yalionyesha hivyo. Januari 2021, huko Abu Dhabi, McGregor alikutana na Dustin Poirier, mtu ambaye mwaka 2014 alikuwa amemshinda katika raundi ya kwanza. Safari hii Poirier alivumilia mwanzo, akampiga mateke ya mguu hata akapungukiwa mwendo, kisha akamwangusha kwa ngumi katika raundi ya 2. Julai 2021 walikutana tena, na pambano likakoma mwisho wa raundi ya kwanza, mguu wa McGregor ulipovunjika. Hatuyataji hayo ili kumcheka. Kuvunjika mguu ni ajali, na asiyekubali kushindwa si mshindani. Twayataja ili msomaji aone kwamba ushindi mwepesi hauna mengi ya kumfundisha mshindi, na kwamba sifa zikizidi kazi iliyofanywa humdhuru asifiwaye. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Tulinganishe na mtu mwingine. Muhammad Ali alizuiwa kupigana kwa miaka zaidi ya mitatu, tangu mwaka 1967, kwa sababu alikataa kuandikishwa katika jeshi la Marekani. Aliporudi, Oktoba 26, 1970, mjini Atlanta, hakutafutiwa mtu wa kuangushwa kwa pumzi. Alipewa Jerry Quarry, mpiganaji aliyeheshimiwa, akamshinda katika raundi 3. Desemba alipigana na Oscar Bonavena hata raundi ya 15. Machi 8, 1971, alikwisha kusimama mbele ya Joe Frazier, bingwa asiyewahi kushindwa, naye akashindwa baada ya raundi 15. Hakuna mtu leo anayemhesabia Ali aibu kwa kushindwa siku ile. Kinyume chake, ni kushindwa huko kulikofanya safari yake ya kurudi iwe ya kweli. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 30, 1974, mjini Kinshasa, alimwangusha George Foreman katika raundi ya 8, wakati wengi walipomhesabu yeye kuwa ndiye dhaifu. Kwa hiyo twaona kwamba ngazi ya kurudia juu ina vidato vingi. Kidato cha chini si aibu, ila aibu ni kukaa juu yake na kujiita umefika darini.

Mpaka hapa tumemsema mshindi. Lakini habari nzito zaidi ni ya yule aliyeshindwa. Katika michezo mingi anayeshindwa hurudi nyumbani na huzuni tu. Katika mchezo wa kupigana hurudi na zaidi ya huzuni. Tangu mwaka 1928 daktari wa Marekani, Harrison Martland, aliandika juu ya mabondia waliopigwa kichwani kwa miaka mingi hata wakawa wanayumba na kusema kama walevi, na tangu hapo elimu ya madaktari imezidi kuthibitisha kwamba ubongo hulipa deni la ngumi. Kwa hiyo, anayempanga mtu aliyechoka mbele ya mwenye nguvu hachezei heshima yake tu, bali anachezea pia akili yake ya uzeeni, na kumbukumbu atakazowasimulia au kushindwa kuwasimulia wajukuu wake.

Hapa ndipo swali letu linapokuwa gumu. Mtu dhaifu amekubali, amelipwa, ametia sahihi. Je, kukubali kwake kwatosha? Sisi twaona kwamba hakutoshi. Mtu aliyezoea kushangiliwa huwa wa mwisho kujua kwamba nguvu zimekwisha. Mwingine hukubali kwa sababu ya deni. Joe Louis, bingwa mkuu wa zamani, alirudi ulingoni kwa sababu serikali ya nchi yake ilimdai kodi nyingi, na Oktoba 26, 1951, akiwa na miaka 37, alipigwa na kijana Rocky Marciano hata akaanguka katika raundi ya 8. Alikubali, ndiyo, lakini kukubali kwa mtu anayekimbizwa na deni ni kukubali kwa nusu. Kwa hiyo, mahali ambapo mdhaifu hawezi kujilinda kwa neno lake mwenyewe, wajibu wa kumlinda huwaangukia wengine.

Wengine hao ni nani? Wa kwanza ni mwamuzi, ambaye kazi yake ni kuingia kati hata kama watu elfu kumi na tisa wataka damu zaidi. Wa pili ni wale walio katika pembe ya mpiganaji, walimu na wasimamizi wake. Agosti 19, 1995, huko Las Vegas, Mike Tyson alirudi ulingoni baada ya kutoka gerezani, alikofungwa kwa kosa la kubaka. Alipewa kijana Peter McNeeley, mwenye ushindi 36 na kushindwa 1, hesabu iliyoonekana kubwa katika karatasi, lakini wengi aliowashinda walikuwa watu wa kiwango cha chini sana. Baada ya sekunde 89, kijana huyo akiwa amekwisha kuangushwa mara mbili, msimamizi wake Vinny Vecchione aliingia ulingoni kumwokoa, na kwa kuwa sheria hairuhusu, pambano likaisha hapo. Watazamaji wengi walikasirika na kumzomea. Walikuwa wamelipa fedha nyingi, nao walitaka kuona zaidi.

Tufikiri juu ya jambo hilo. Wale waliolipanga pambano lile walifanya biashara yao, na Tyson alifanya kazi yake. Huyo Vecchione naye alikuwa na sehemu yake katika kumfikisha kijana mahali asipostahili kuwapo. Walakini katika sekunde ile moja yeye ndiye aliyetenda neno la haki, yaani kukubali zomeo ili mtu mwingine asiumie zaidi. Twauliza: katika ukumbi ule mkubwa, nani alikuwa shujaa? Sisi twamtaja yeye, ingawa jina lake watu wengi wamekwisha kulisahau.

Wa tatu mwenye wajibu ni mshindi mwenyewe. Mwenye nguvu halaumiwi kwa kuwa na nguvu. Hupimwa kwa namna anavyozitumia na kwa moyo alio nao baada ya kuzitumia. Yule Marciano, baada ya kumwangusha Joe Louis, alilia, kwa sababu alikuwa amemwangusha mtu aliyemheshimu tangu ujana wake. Oktoba 2, 1980, Larry Holmes alipigana na Muhammad Ali, aliyekuwa na miaka 38 na mwili uliokwisha kupoteza wepesi wake. Holmes alikuwa zamani mwenzi wa Ali katika mazoezi. Alimpiga raundi baada ya raundi bila furaha, mpaka mwalimu wa Ali, Angelo Dundee, alipokataa mtu wake asiinuke kwa raundi ya 11. Holmes naye alilia. Machozi hayo hayakupunguza ushindi wao hata kidogo. Yalionyesha kwamba ndani ya mkono wenye nguvu mlikuwa na moyo uliojua kumhesabu mwingine kuwa mtu. Kadhalika yafaa tuseme haki kwamba usiku ule wa Januari 2020 McGregor, baada ya kushinda, alimkumbatia Cerrone, akaenda pia kumkumbatia bibi yake, yule aliyemlea. Hilo lilikuwa jambo jema, na atendaye jema asinyimwe.

Walakini yatupasa kusema na upande mwingine, kwa sababu pasipo huo somo letu halitimii. Aprili 2019 McGregor alimpiga ngumi mteja mmoja katika baa ya Dublin. Alipofikishwa mahakamani alikiri kosa, na Novemba 2019 akatozwa faini ya yuro 1,000. Hiyo ilikuwa miezi michache tu kabla ya pambano la Las Vegas. Kisha Novemba 2024, katika kesi ya madai, jopo la raia katika mahakama kuu ya Dublin liliona kwamba alimshambulia na kumdhulumu mwanamke mmoja kingono Desemba 2018, akaamriwa kulipa fidia. Yeye alikana, akakata rufaa, na rufaa yake ikakataliwa Julai 2025.

Tutazame mkono huo mmoja. Ulingoni ulimpiga mtu aliyejitayarisha, mwenye kinga mdomoni, mwenye walimu nyuma yake, na mwamuzi hatua mbili kutoka hapo. Katika baa ulimpiga mtu asiye na lolote la hayo. Kule Las Vegas twaweza kubishana kama sifa ilikuwa kubwa au ndogo. Kule baani hakuna la kubishana. Basi tumepata kipimo cha kutusaidia: kumshinda aliye dhaifu hakuwi kosa kwa sababu tu yeye ni dhaifu, bali huwa kosa pale ambapo hakukubali kwa hiari kamili, au hakuna sheria inayowafunga wote wawili, au hakuna mtu wa tatu mwenye uwezo wa kusema: basi, yatosha. Mambo hayo matatu yakiwapo, tuna mchezo, hata ukiwa mkali. Moja likikosekana, tumeanza kuingia katika dhuluma. Yote matatu yakikosekana, hakuna tena ushindi wa kusemwa.

Na hapa, msomaji mpenzi, twaondoka Las Vegas na kuingia nyumbani. Maana ulingo usio na mwamuzi ulio mkubwa kuliko yote si baa ya Dublin. Ni nyumba ambayo mlango wake umefungwa. Twawajua watu wa namna hii katika kila mji na kila kijiji. Mtu ameaibishwa kazini na mkubwa wake mbele ya wenzake, naye hakuthubutu kujibu. Au amepoteza fedha katika biashara. Au jirani amemcheka. Anarudi nyumbani na kushindwa kwake moyoni kama kaa la moto, naye ataka kushinda mahali fulani kabla ya kulala. Amtafute nani? Mkubwa wa kazi hawezi kumgusa. Jirani ana nguvu kama yeye. Basi chakula kikichelewa kidogo, au mtoto akivunja kikombe, mtu huyo amekwisha kupata mpinzani wake. Anamfokea mke, anampiga mtoto, kisha anaketi akijiona amerudi kuwa mwanamume. Huo ndio ushindi wa kurudi unaotuhuzunisha kuliko wowote ule, nao hautangazwi gazetini. Hakuna anayehesabu sekunde zake, wala hakuna mwenye kutupa taulo.

Kwa mtu huyo twasema bila kumficha: hukurudi popote. Aibu uliyotoka nayo kazini iko palepale ulipoiacha. Mkubwa wako hakujua hata kidogo kwamba umelipiza. Umemfundisha mtoto wako jambo moja tu, kwamba mwenye kushindwa na mkubwa atafute mdogo. Naye atalishika somo hilo, kwa sababu watoto hushika upesi wanayoyaona kuliko wanayoambiwa. Kesho utamkuta akimpiga mdogo wake, nawe utamchapa kwa kosa hilo, usijue kwamba anarudia ulichomwonyesha. Njia ya kweli ya kurudi ni kwenda pale ulipoangukia: kusema na mkubwa wako kwa adabu na ukweli, kurekebisha hesabu za biashara, kuomba radhi kama kosa lilikuwa lako, na yale yasiyoweza kurekebishwa kuyavumilia. Ni njia ndefu, wala haina makofi.

Wazazi wengine hutuuliza kama wawaruhusu watoto wao kutazama mapambano hayo. Kila mzazi ajue umri wa mtoto wake na tabia yake. Kwa watoto wadogo twaona ni afadhali wasitazame kabisa. Lakini kijana mkubwa ambaye hata hivyo atayatazama, afadhali atazame akiwa na baba au mama yake karibu, na baada ya kutazama aulizwe maswali. Aliyeshinda ameshinda nini hasa? Aliyeshindwa alijua anakwenda kukutana na nini? Mwamuzi aliingia kwa wakati wake au alichelewa? Wewe ungekuwa katika pembe ya aliyeshindwa, ungemwambia nini? Maswali hayo yatamfaa kuliko kumnyang'anya simu leo, akaazime ya mwenzake kesho. Na sisi watazamaji wakubwa tukumbuke kwamba fedha huenda mahali macho yaendapo. Watu wakikataa kulipa ili kumwona mzee aliyechoka akiangushwa, hakuna mfanya biashara atakayempanga.

Cerrone naye alikuwa na mwisho wake. Baada ya usiku ule hakushinda tena pambano lolote. Julai 2, 2022, huko Las Vegas, alishindwa na Jim Miller, akavua glavu zake akaziacha ulingoni, ishara ya kwamba amemaliza. Mwaka uliofuata jina lake liliandikwa katika orodha ya heshima ya kampuni ile. Wale waliosema mwaka 2020 kwamba alikuwa si kitu hawakuweza kuzifuta siku zake njema, na wale waliotumia kushindwa kwake kumpamba mwingine hawakumwongezea huyo mwingine kitu cha kudumu.

Basi jibu letu ni hili. Kumshinda aliye dhaifu kwa haki, mbele ya sheria, na kwa moyo wa kumheshimu, si aibu. Ni hatua, nayo iitwe hatua. Kulikuza jambo hilo kuliko kimo chake ni uongo, nao humdhuru kwanza mshindi mwenyewe. Kumtafuta aliye dhaifu ili tumtwike aibu tuliyotwikwa na wenye nguvu ni dhuluma, hata kama hakuna aonaye. Na aliye na nguvu, awe bingwa, awe mkubwa wa kazi, awe baba wa nyumba, ajue kwamba kila siku amewekewa mbele yake mtu asiyeweza kumshinda. Namna atakavyomtendea mtu huyo ndiyo itakayotuambia kama amesimama, au bado yuko chini.